Kibaba Kisichojaa

Juma lililopita walikuja ofisini vijana wawili, mtu na ndugu yake, kuandikisha matangazo ya ndoa ya dada yao. Kabla sijafunua daftari niliwasikia wakibishana barazani. Ligi ya mpira ya kata yetu ilikatizwa mwaka huu kwa ajili ya mvua. Kiwanja kiligeuka ziwa, na kamati ikaona afadhali kombe wapewe wale waliokuwa wakiongoza. Mkubwa alisema kombe ni kombe. Mdogo akajibu, "Nusu ya ligi, nusu ya kombe." Mzee mmoja aliyekuwa akingoja cheti cha ubatizo cha mjukuu wake akanigeukia, akasema, "Bwana Karani, wewe umesoma. Waamue hawa, tupate kusikilizana."

Sikuwaamua. Niliwaambia kwamba huko Marekani wako watu waliobishana neno hilo hilo miaka mingi, nao si kwa mpira wa miguu bali kwa mchezo wa besiboli. Lakini watu walikuwa wengi mlangoni, na habari yenyewe ni ndefu, nikaahidi kuieleza katika ukurasa huu. Ahadi ni deni, leo nalipa.

MCHEZO WENYEWE

Nilipokuwa chuo cha ualimu alikuwako mwalimu mmoja Mmarekani aliyetufundisha besiboli kwa mpini wa jembe na mpira wa tenisi. Pande ni mbili, kila upande watu tisa. Mtupaji humrushia mpira mpigaji mwenye gongo. Mpigaji akiupiga vema hukimbia, akapita vituo vitatu, kisha akarudi pale alipoanzia, mahali waitapo "nyumbani". Kila arudiye nyumbani huhesabiwa alama moja. Kila upande hupata zamu tisa za kupiga, wala zamani hapakuwa na saa ya kuwaharakisha.

Lakini neno la kushika hapa ni hesabu ya michezo. Katika ligi kubwa ya Marekani kila timu hucheza michezo 162 katika muda wa miezi sita hivi, tangu mwisho wa Machi hata mwisho wa Septemba. Yaani karibu kila siku. Baada ya hapo ndipo timu zilizoshinda huingia katika michezo ya mtoano hata fainali kuu mwezi wa Oktoba. Kwa hiyo shabiki wa besiboli hauoni mchezo huu kama sikukuu, bali kama chakula cha kila siku. Mama husikiliza redio akipika, fundi husikiliza akiwa chini ya gari, mgonjwa husikiliza kitandani. Timu yake ikishindwa leo, kesho itacheza tena.

Tena, wingi huo wa michezo una kazi yake. Timu dhaifu yaweza kushinda mara tano mfululizo kwa bahati tu, lakini bahati huchoka. Haifiki michezo 162. Na timu njema yaweza kuanza vibaya ikapata nafasi ya kuinuka. Mwaka 2019 timu ya Nationals ya mji wa Washington ilikuwa imeshinda mara 19 tu na kushindwa mara 31 katika michezo 50 ya kwanza. Watu waliwacheka. Ilipofika Oktoba, hao hao ndio waliotwaa ubingwa. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba cha besiboli ni michezo 162. Je, kisipojaa?

MTOTO WA KUMI NA WAWILI

Twende kwanza katika mji wa Los Angeles, mwaka 1981. Timu ya hapo huitwa Dodgers. Uwanja wao uko juu ya vilima vya Chavez Ravine, ambako zamani zilikaa familia maskini za asili ya Meksiko. Kuanzia mwaka 1950 watu hao walitakiwa kuhama, wakiambiwa kwamba hapo zitajengwa nyumba za serikali za watu wa kawaida. Nyumba hazikujengwa. Familia za mwisho ziliondolewa kwa nguvu mwaka 1959, na uwanja ukafunguliwa mwaka 1962. Wameksiko wengi wa mji huo walibaki na uchungu moyoni, na baadhi yao hawakutaka hata kuukanyaga.

Ndipo alipotokea Fernando Valenzuela. Alikuwa kijana wa miaka 20, mtoto wa mwisho kati ya kumi na wawili wa mkulima mmoja wa kijiji kidogo cha Etchohuaquila katika nchi ya Meksiko. Kiingereza hakukijua, mtangazaji Jaime Jarrín, aliyetangaza kwa Kihispania, ndiye aliyemsaidia kama mkalimani. Tarehe 9 Aprili 1981, siku ya kufungua msimu, mtupaji aliyepangwa aliumia, akawekwa kijana huyu mahali pake. Akashinda 2 kwa 0. Akaendelea kushinda michezo yake minane ya kwanza bila kushindwa hata mmoja, na katika mitano kati ya hiyo wapinzani hawakupata alama hata moja. Watu wa asili ya Meksiko wakaujaza uwanja ule ule uliojengwa juu ya mitaa yao ya zamani. Mtoto wa mkulima alikuwa amewafungulia mlango.

Basi tarehe 12 Juni 1981 mchezo ukanyamaza. Wachezaji waligoma. Ugomvi wao na wenye timu ulikuwa huu: mchezaji aliyemaliza mkataba akihamia timu nyingine, ile timu ya kwanza ifidiwe nini? Wenye timu walitaka wapewe mchezaji mwingine. Wachezaji waliona hiyo ni kamba ya kuwafunga wasihame. Siku 50 zikapita. Michezo zaidi ya 700 ikapotea. Yule mama wa redio na yule fundi hawakuulizwa neno. Tembo wawili wapiganapo, ziumiazo ni nyasi.

Waliporudi mwezi wa Agosti, wakuu waliamua kuugawa msimu sehemu mbili. Aliyeongoza kabla ya mgomo akutane na aliyeongoza baada ya mgomo. Sikilizeni matokeo yake. Timu ya Reds ya mji wa Cincinnati ilishinda michezo 66 na kushindwa 42. Ukijumlisha msimu wote, hakuna timu iliyoishinda kwa hesabu. Lakini katika sehemu ya kwanza ilikuwa ya pili, na katika sehemu ya pili ilikuwa ya pili tena. Ikabaki nyumbani. Watu wa Cincinnati wakapandisha bendera yao wenyewe ya kutangaza kwamba wao ndio waliokuwa na hesabu bora mwaka ule.

Dodgers, waliokuwa wa kwanza kabla ya mgomo, waliingia wakafika fainali. Walishindwa na Yankees wa New York mara mbili za kwanza, Valenzuela akashinda mchezo wa tatu, nao wakashinda yote iliyofuata na kutwaa ubingwa. Mwaka huo Valenzuela alipewa nishani ya mtupaji bora na ya mchezaji mpya bora pamoja, jambo ambalo halijapata kutokea kabla yake. Los Angeles walicheka, Cincinnati walinung'unika, na wote wawili walikuwa na haki.

MSIMU USIO NA MWISHO

Mtu angedhani wakubwa wale wangejifunza. Hawakujifunza. Tarehe 12 Agosti 1994 mgomo ulitokea tena kwa ajili ya fedha. Siku ile timu iliyokuwa mbele ya zote ni Expos wa mji wa Montreal, nchini Kanada: imeshinda 74, imeshindwa 40. Haijapata kucheza fainali kuu hata mara moja tangu kuanzishwa kwake. Mashabiki wake walikuwa wakihesabu siku. Tarehe 14 Septemba ikatangazwa kwamba msimu umefutwa, na fainali haitachezwa. Jambo hilo halikuwa limetokea tangu mwaka 1904; hata vita kuu mbili hazikuizuia fainali.

Mgomo ulikwisha mwezi wa Aprili 1995, lakini Expos waliuza na kuacha wachezaji wao wakubwa, wakadhoofika, na baada ya msimu wa 2004 timu yote ilihamishiwa Washington. Ndiyo hao hao Nationals niliowataja hapo juu. Basi kuna wazee huko Montreal ambao ligi ya mwaka 1994 haijawaishia hata leo.

Mashabiki waliporudi viwanjani mwaka 1995 walikuwa wachache kuliko kwanza, na waliokuja walikuja na hasira. Huko New York watu watatu waliruka ukuta wakaingia uwanjani, wakawatupia wachezaji noti za dola moja moja miguuni. Nafikiri hakuna hotuba ambayo ingesema zaidi.

WATU WA KARATASI

Sasa tuje mwaka 2020, ambao sisi sote twaukumbuka. Tarehe 12 Machi wachezaji walisimamishwa mazoezi kwa sababu ya korona. Msimu ulikuwa uanze baada ya majuma mawili. Ukawa kimya.

Hapo mashabiki hawakumlaumu mtu. Maradhi hayana mwenyewe. Lakini ilipofika Mei na Juni, wakati hospitali zimejaa, wenye timu na wachezaji walianza tena kuvutana. Wenye timu walisema viwanja vitupu havileti fedha za mlangoni. Wachezaji walisema kila mchezo watakaocheza walipwe kama walivyoahidiwa. Wachezaji wakataja michezo 114, wenye timu wakataja 76. Hawa wakashuka 89, wale wakasema 72. Mfano wa watu wanaouziana mbuzi mnadani. Wakati huo watu walikuwa wakizika. Mwishowe hawakupatana, na mkuu wa ligi akaamuru michezo 60.

Msimu ulianza tarehe 23 Julai. Majukwaa yalikuwa matupu. Ili wachezaji wasicheze kama watu walio makaburini, vipaza sauti vilitoa kelele za watu zilizorekodiwa zamani. Kanada haikukubali timu zipite mpakani kila juma, kwa hiyo timu ya Toronto ilicheza michezo ya nyumbani katika mji wa Buffalo, nchi ya watu. Wachezaji wengi wa Miami waliugua katika siku za kwanza tu. Timu ya St. Louis ilikaa zaidi ya majuma mawili bila kucheza, ikalazimika baadaye kucheza mara mbili kwa siku moja, tena kwa zamu saba badala ya tisa.

Na mashabiki je? Waliruhusiwa kitu kimoja cha ajabu. Mtu aliweza kulipa, picha yake ikachapwa juu ya karatasi ngumu, ikakatwa umbo la mtu, ikakalishwa kitini. Katika timu nyingi fedha zilikwenda kusaidia wenye shida. Ukitazama televisheni uliona maelfu ya nyuso zimekaa kimya, zote zikicheka. Wengine hawakuweka picha zao. Waliweka ya marehemu baba au babu, yule aliyewashika mkono mara ya kwanza kuwapeleka uwanjani. Wako waliowacheka kwa hilo. Mimi siwacheki. Kwetu nani asiye na picha ya marehemu ukutani, na nani asiyemwambia habari siku ya arusi?

Huko Los Angeles uwanja wa Dodgers haukuingiwa na shabiki hata mmoja, lakini eneo la kuegesha magari lilijaa. Tangu Mei 2020 pakawa mahali pa kupimwa korona. Mtu aliyekuwa akija hapo kila mwaka kutazama mchezo alikuja sasa kuingizwa kijiti puani, akiuona uwanja kwa mbali kupitia kioo cha gari.

Dodgers walishinda michezo 43 kati ya 60, na katika mtoano wakaendelea. Fainali yote ilichezwa mahali pamoja, huko Arlington katika jimbo la Texas, na watu kama elfu kumi na moja tu waliruhusiwa katika uwanja wa watu elfu arobaini. Watu wa Los Angeles walikwenda tena kwenye eneo lao la magari, mara hii kutazama mchezo kwenye skrini kubwa. Kwa kuwa hawakuweza kukumbatiana, walipiga honi. Tarehe 27 Oktoba 2020 Dodgers wakawa mabingwa, baada ya kungoja tangu mwaka 1988.

Hata furaha ile ilikuwa na doa. Mchezaji mmoja mkubwa aliondolewa katikati ya mchezo wa mwisho kwa kuwa vipimo vilionyesha ana korona. Baada ya ushindi akarudi uwanjani kushangilia na wenzake, na wengi wakamlaumu. Maandamano ya ushindi hayakufanyika. Ukaja mwezi wa Desemba na maradhi yakaupiga mji kwa nguvu. Tarehe 15 Januari 2021 eneo lile lile la magari likafunguliwa kuwa mahali pa chanjo. Hayo ndiyo magari yaliyopita kwa msururu mahali pa maandamano.

KOMBE LA MICHEZO SITINI

Mabishano yakaanza. Mashabiki wa timu nyingine walisema, "Hilo ni kombe la michezo 60. Kama msimu wa 2019 ungepimwa kwa kibaba hicho, Nationals wangekuwa wapi?" Neno hilo lina nguvu, wala haifai kulifumbia macho. Watu wa Los Angeles walijibu kwamba hawakuchagua wao. Kwamba timu zote zilipimiwa kibaba kimoja. Tena mwaka ule zilizoingia katika mtoano zilikuwa 16 badala ya 10, na Dodgers walihitaji kushinda michezo 13 ya mtoano ndipo wapate kombe. Hilo nalo lina nguvu.

Walibishana miaka minne. Mwaka 2024 Dodgers walicheza msimu mzima wa michezo 162, wakafika fainali na Yankees wale wale wa mwaka 1981. Tarehe 22 Oktoba, siku tatu kabla ya fainali kuanza, Fernando Valenzuela akafariki akiwa na umri wa miaka 63. Tarehe 30 Oktoba Dodgers wakashinda. Maandamano yakafanyika tarehe 1 Novemba, siku ya Watakatifu Wote, ambayo ndiyo siku aliyozaliwa Valenzuela. Angekuwa anatimiza miaka 64. Polisi walihesabu watu zaidi ya laki mbili njiani. Wengi walisema wazi kwamba wanashangilia mara mbili: kombe la mwaka ule, na lile la 2020 ambalo hawakulishangilia. Deni la miaka minne lililipwa siku moja.

NENO LA MWISHO

Sasa nawarudia vijana wangu wa barazani. Katika habari hizi zote naona jambo moja. Mashabiki wa besiboli wamevumilia kibaba kilichopunguzwa na maradhi; wakaweka picha za wazee wao vitini, wakapiga honi gizani, wakangoja. Lakini kibaba kilichopunguzwa na mkono wa mwenye duka hawakukivumilia. Walitupa noti uwanjani, na wengine hawakurudi kabisa. Michezo iliyopotea yaweza kuwa sawa kwa hesabu, lakini kidonda si kimoja. Na hofu hiyo haijawaisha. Kati ya Desemba 2021 na Machi 2022 wenye timu waliwafungia wachezaji mlango kwa siku 99, na ingawa michezo yote 162 iliokolewa mwaka huo, mkataba uliotiwa sahihi uliwekewa mwisho wake tarehe 1 Desemba 2026.

Basi, wewe mkubwa, kombe lenu ni kombe, maana mvua ilinyesha kwa wote. Lakini andikeni chini yake hesabu ya michezo iliyochezwa, msiifiche. Mtu akiuliza, mwambieni. Heshima haipungui kwa kusema kweli. Hupungua kwa kuificha. Nawe mdogo, usemayo ni kweli pia: walio nyuma walinyimwa nafasi ya kuinuka. Dawa yake si kulivunja kombe la mwenzio. Dawa ni kusawazisha kiwanja, kuchimba mfereji wa maji kabla ya masika, na kucheza tena mwakani mpaka kibaba kijae.

Na ninyi waheshimiwa wa kamati, ambao mwaka juzi mlikaribia kuvunja ligi kwa ugomvi wa jezi, nawaomba mwakumbuke watu wa Montreal.

Matangazo ya ndoa ya dada yao, namshukuru Mungu, yamekwisha kuandikwa, nayo yatasomwa Jumapili tatu kamili bila kupunguzwa.

Kwaherini hata juma lijalo.

Karani wenu